Kuchanganya RAM za Seti Tofauti

RAM ya kompyuta ya mezani huuzwa kwa seti. Pakiti moja huwa na vijiti viwili, mara nyingine vinne, vilivyopimwa pamoja kwa kasi iliyoandikwa juu yake, na dhamana ya mtengenezaji kuhusu kasi hiyo inaishia ndani ya pakiti. Mwenye kompyuta ya GB 16 anayetaka kufika GB 32 ana njia mbili: kung'oa vijiti vya zamani na kununua seti kubwa zaidi, au kuongeza seti ya pili kwenye nafasi mbili zilizo wazi. Njia ya pili ni nafuu, ndiyo maana wengi huifuata. Kwa kawaida seti mbili zisizofanana hukubali kufanya kazi pamoja, ila mara nyingi si kwa kasi ambayo mnunuzi alilipia.

Ipo michanganyiko isiyowezekana kabisa. DDR3, DDR4 na DDR5 haziwezi kukaa pamoja, kwa kuwa umeme wake na namna yake ya kuwasiliana na prosesa ni tofauti. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini mkato ulio kwenye ukingo wa kijiti umewekwa mahali tofauti ili kimoja kisiingie kwenye nafasi ya kingine. Kijiti kinachogoma kuingia kisisukumwe kwa nguvu.

Mtego mbaya zaidi ni kijiti cha seva cha DDR4, kwa sababu chenyewe kinaingia vizuri kabisa, klipu zinajifunga, kisha kompyuta haiwaki. RAM za namna hii zina chipu ya ziada, iitwayo rejista, inayopokea amri kabla ya kuzifikisha kwenye chipu za kumbukumbu, na bodi za kawaida za mezani haziwezi kuzungumza nayo. Huuzwa kwa bei ya kuvutia zikishatolewa kwenye seva za zamani. Dalili yake iko kwenye lebo: baada ya maandishi kama PC4-2400T hufuata herufi. U ni ya kompyuta ya mezani, S ni ya kompyuta mpakato, na R ni ya seva.

Vijiti vikiwa vya aina moja, mazungumzo yanaanza pale kompyuta inapowashwa. Kila kijiti kimebeba chipu ndogo yenye orodha ya kasi na vipimo vya muda kinavyoviweza. BIOS husoma orodha za vijiti vyote na kuchagua kiwango ambacho hakuna kitakachoshindwa. Msafara hapo huenda kwa mwendo wa ngamia wa nyuma. Seti ya DDR4-3200 ikiwekwa pamoja na seti ya DDR4-2666, zote zitakimbia 2666, na kila kipimo cha muda kitafuata kijiti kizito zaidi katika kipimo hicho. Orodha hizo hufuata viwango vya JEDEC, chombo cha pamoja cha watengenezaji wa chipu, na viwango vyenyewe vimewekwa kwa tahadhari kubwa. Ndiyo sababu mchanganyiko unaoachwa kwenye kasi ya kawaida mara nyingi hausumbui.

Usumbufu huanza mmiliki anapowasha profaili ya kasi ya ziada. Intel ilileta profaili za XMP mwaka 2007, nayo AMD ikaja na EXPO mwaka 2022 kwa ajili ya prosesa za Ryzen 7000. Profaili hizo zinavuka viwango vya JEDEC: zinapandisha kasi, zinabana vipimo vya muda, na mara nyingi zinaongeza volti, kwa mfano kutoka 1.2 hadi 1.35 kwa DDR4. Kila profaili iliandikwa kwa ajili ya seti yake. Bodi mama yenye seti mbili mara nyingi huchukua profaili ya moja na kuitwisha nyingine, na hiyo nyingine haikuwahi kupimwa kwa masharti hayo.

Namba kubwa ya kasi isimpumbaze mtu. DDR4-3200 hupitisha data mara milioni 3,200 kwa sekunde, lakini muda wa kusubiri jibu la kwanza unategemea pia namba ya CL, ambayo huhesabiwa kwa mizunguko ya saa na si kwa nanosekunde. Ili kupata nanosekunde, CL huzidishwa kwa 2,000 kisha hugawanywa kwa kasi. Kijiti cha 3200 chenye CL16 husubiri nanosekunde 10. Cha 3600 chenye CL18 nacho ni 10. Cha 3200 chenye CL22, ambacho ndicho cha kawaida cha JEDEC, ni 13.75. Seti mbili zenye maandishi makubwa yanayofanana, "3200", zinaweza basi kuachana kwa zaidi ya theluthi moja katika kusubiri huko, na anayenunua seti ya pili kwa kutazama namba hiyo peke yake hajalinganisha chochote cha maana.

Watu wengi hudhani suluhisho ni kununua seti ya pili ya modeli ileile. Hilo linasaidia, ila lina udhaifu usioonekana kwa macho. Chipu za RAM hutengenezwa hasa na kampuni tatu, Samsung, SK hynix na Micron. Kampuni kama Corsair na G.Skill hununua chipu hizo, huzipanga kwenye vijiti, na kuviuza kwa majina yao. Modeli moja inaweza kuanza na chipu za kampuni moja na baadaye kupokea za nyingine bila jina la kwenye boksi kubadilika, maadamu kasi iliyoahidiwa inafikiwa. Corsair huandika namba ya toleo kwenye lebo ya kijiti, na mafundi wanaojali hutazama namba hiyo kuliko picha ya boksi. Chipu za Samsung zilizojulikana kama B-die zilipendwa mno enzi za DDR4 kwa sababu zilikubali vipimo vilivyobanwa sana. Mtu aliyenunua seti yenye chipu hizo kisha akaongeza nyingine ya jina lilelile miaka miwili baadaye angeweza kabisa kujikuta na vijiti pacha kwa sura na wageni kwa tabia.

Tabia hiyo hujificha zaidi katika vipimo ambavyo havichapishwi kwenye boksi. Mfano mzuri ni uhuishaji. Kila biti ya RAM ni chaji ndogo ya umeme inayovuja, kwa hiyo lazima chipu iandike upya kila inachokihifadhi. Kwa kiwango cha kawaida, kazi hiyo hukamilika kila milisekunde 64. Wakati wa uhuishaji, eneo husika halisomeki. Kwa viwango vya JEDEC vya DDR4, chipu ya gigabiti 8 huhitaji nanosekunde 350 kwa kila zamu ya uhuishaji, na chipu ya gigabiti 16 huhitaji 550. Kijiti cha GB 8 chenye chipu nane za gigabiti 8 kikiwekwa pamoja na cha GB 16 chenye chipu nane za gigabiti 16, muda unaofaa kwa cha kwanza hautoshi kwa cha pili. BIOS ikichagua muda mrefu, kasi inapungua kidogo. Mtu akiubana kwa mkono kwa kufuata kijiti kidogo, kijiti kikubwa kinaanza kusahau.

Hata vijiti vinne vinavyofanana kwa kila kitu ni mzigo kuliko viwili. Bodi nyingi za mezani zina chaneli mbili na nafasi mbili kwa kila chaneli. Nafasi ya pili ikijazwa, waya zilezile zinabeba vijiti viwili, ishara inapata mwangwi, na kidhibiti cha RAM ndani ya prosesa kinalazimika kupunguza mwendo. Watengenezaji wenyewe wanakiri hivyo katika vipimo rasmi: Ryzen 7000 imeidhinishwa na AMD kwa DDR5-5200 ikiwa na vijiti viwili, na kwa DDR5-3600 tu ikiwa na vinne. Kwa DDR5, basi, kuongeza seti ya pili ni uamuzi mbaya mara nyingi zaidi kuliko ilivyokuwa kwa DDR4. Anayeweza kuuza vijiti vyake viwili vya GB 16 na kununua viwili vya GB 32 atapata ujazo uleule na kasi zaidi kuliko kwa vinne.

Mpangilio kwenye nafasi nao una kanuni yake. Chaneli mbili zikifanya kazi sambamba, DDR4-3200 inapitisha GB 51.2 kwa sekunde badala ya 25.6. Ili faida hiyo isipotee, kila chaneli ibebe ujazo sawa na mwenzake. Vijiti viwili vya GB 8 na viwili vya GB 4 vipangwe ili kila chaneli iwe na kimoja cha GB 8 na kimoja cha GB 4. Jumla ni GB 24, na zote zitatumia chaneli mbili. Kwa kawaida seti moja hukaa nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, nyingine ya kwanza na ya tatu. Ikiwa kuna vijiti viwili tu visivyolingana, tuseme GB 8 na GB 4, kompyuta nyingi za Intel hutumia chaneli mbili kwa GB 8 za mwanzo na chaneli moja kwa GB 4 zilizobaki. Hiyo bado ni bora kuliko kijiti kimoja, hasa kwa kompyuta isiyo na kadi ya picha, ambayo huchota picha zake kwenye RAM hiyohiyo.

Kompyuta za ofisi za Dell, HP na Lenovo, zile zilizokwisha kutumika ambazo zinauzwa kwa wingi Dar es Salaam na Nairobi, kwa kawaida hazina hata sehemu ya kuwashia XMP. Core i5-6500 ya mwaka 2015 inaendesha DDR4 kwa 2133, basi. Kijiti cha 3200 kikiwekwa humo kitashuka hadi hapo bila malalamiko. Kwa mashine hizo mjadala wa seti karibu hauna maana. Mwenye GB 8 ambaye kompyuta yake inakwama kila akifungua kurasa nyingi ana tatizo la ujazo, kwa sababu RAM ikijaa mfumo huhamishia data kwenye diski, na kusubiri diski ya sumaku huhesabiwa kwa milisekunde wakati RAM huhesabiwa kwa nanosekunde. GB 16 za vijiti vilivyookotwa huku na huko zitamfaa kuliko GB 8 za seti maridadi.

Baada ya kuweka vijiti, uwashaji wa kwanza unaweza kuchukua dakika kadhaa kwa DDR5, skrini ikiwa nyeusi, kwa sababu prosesa inapima waya na kujifunza muda wa kila kijiti. Umeme usikatwe wakati huo. Ikiwa kompyuta haiwaki kabisa, kumbukumbu ya BIOS ifutwe kwa kutumia pini zake au kwa kutoa betri ndogo ya bodi, ili mipangilio irudi kwenye kasi ya kawaida.

Kuwaka si uthibitisho wa kutosha. RAM yenye kosa la mara mojamoja inaweza kuonyesha dawati kama kawaida, kisha siku tatu baadaye ikaharibu faili inayonakiliwa bila onyo lolote, au ikaleta skrini ya bluu ambayo lawama yake itaangukia programu isiyo na hatia. Programu ya bure ya Memtest86+, inayowashwa kutoka kwenye flashi kabla ya mfumo kupakiwa, iachwe ikimbie usiku kucha. Idadi ya makosa inayokubalika ni sifuri. Makosa yakitokea XMP ikiwa imewashwa, kasi ishushwe hatua moja, mathalani kutoka 3200 hadi 2933, na kipimo kirudiwe. Yakiendelea hata kwenye kasi ya kawaida, kila seti ipimwe peke yake. Seti inayokosea ikiwa peke yake ina kijiti kibovu na inadai dhamana. Seti mbili zinazofaulu kila moja kivyake na kushindwa pamoja hazina ubovu wa kudai kwa mtengenezaji, kwa hiyo seti mpya irudishwe dukani ikiwa muda wa kurudisha haujapita, la sivyo itafutiwe kompyuta nyingine.