Kuifanya Upya Injini ya Land Rover Nyumbani

Wenyeji wa Masara, upande wa magharibi wa mji wa Migori, hawahitaji kuelezwa maana ya njia mbaya. Wakati wa jua kali vumbi hufunika kila kitu, na wakati wa masika udongo hunata magurudumuni hata motokaa ndogo zikashindwa kwenda. Ndiyo sababu motokaa zinazovuta kwa magurudumu yote manne, kama Land Rover, huthaminiwa sana katika nchi hiyo. Motokaa ya namna hii huchukua mahindi, samaki kutoka ziwani, na mawe ya dhahabu kutoka kwa wachimbaji wadogo. Tena usiku, mama akishikwa na uchungu au mtoto akizidiwa na homa, motokaa hiyo hiyo huwa ndiyo gari la wagonjwa.

Basi siku ambayo injini yake huanza kutoa moshi na kupungukiwa na nguvu, hasara haimpati mwenyewe peke yake. Naye mwenyewe huwa na njia tatu tu mbele yake: kuiuza motokaa kwa bei ya chuma chakavu, kununua injini nyingine iliyokwisha tumika, asijue ilitumiwaje, au kuifungua injini ile ile na kuifanya upya. Njia ya tatu yaweza kufuatwa nyumbani, chini ya banda, na mtu mwangalifu pamoja na fundi mwenye ujuzi. Lakini ina masharti yake, na mtu akiyadharau hupoteza fedha na injini pamoja, na pengine hata maisha.

INJINI YENYEWE

Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika mji wa Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Ilitengenezwa na kampuni ya Rover ya Uingereza, na bodi yake ilifanywa kwa alumini kwa kuwa chuma kilikuwa haba baada ya Vita Kuu ya Pili. Tangu mwaka 1958 kampuni ilianza kutia injini ya petroli yenye silinda nne na ukubwa wa sentimita za ujazo 2286. Injini hiyo iliendelea kutumika kwa miaka mingi, na Land Rover nyingi za zamani bado zinatembea nayo.

Sifa yake kubwa ni urahisi. Bloki na hedi yake ni vya chuma cha kusubu, wala haina vyombo vya umeme vya siri vinavyotaka mashine maalum ili visomwe. Kila kipande chake chaweza kuonekana, kupimwa na kubadilishwa. Upana wa silinda ikiwa mpya ni milimita 90.47, na pistoni husafiri milimita 88.9 kutoka chini hata juu. Jambo moja mnunuzi wa vipuri lazima alijue: krankshafti, yaani mhimili unaozunguka chini ya injini, ulishikwa na beringi kuu tatu katika injini za zamani, na beringi kuu tano katika zile zilizotengenezwa tangu mwaka 1980. Atakayeagiza beringi bila kujua injini yake ni ya namna gani atarudi dukani mara ya pili.

KUJUA UGONJWA KABLA YA DAWA

Watu wengi hufungua injini kwa sababu tu inatoa moshi. Hilo ni kosa, kwa maana moshi una lugha yake. Moshi wa rangi ya samawati ni dalili kwamba oili inaungua ndani ya silinda. Moshi mweusi ni dalili ya petroli iliyozidi, na huenda kabureta peke yake ndiyo inayotaka kurekebishwa. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikiwa moto, pamoja na maji kupungua katika rejeta, waonyesha kwamba maji yanaingia silindani, aghalabu kwa sababu gasketi ya hedi imeungua.

Kisha hufuata kupima mgandamizo. Plagi zote hutolewa, na kipimo hutiwa katika tundu la kila silinda kwa zamu huku injini ikizungushwa. Silinda moja ikiwa dhaifu kuliko nyingine, humiminiwa kijiko kimoja cha oili na kupimwa tena. Ikiwa nguvu zimepanda, basi oili imeziba nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Maana yake ringi au silinda yenyewe imelika. Ikiwa nguvu hazikupanda, kosa liko katika vali, na huenda kazi yote ikawa ni kufungua hedi tu na kusaga vali, bila kuitoa injini. Jaribio hili la nusu saa laweza kumwokolea mtu kazi ya wiki mbili.

KUITOA INJINI

Injini hii ina uzito wa kilo 200 hivi. Uzito huo ukimwangukia mtu, hapana dawa. Kwa hiyo haifai kutundikwa kwenye tawi la mwembe wala kwenye boriti ya nyumba iliyoliwa na mchwa. Hutakiwa miti mitatu minene na mibichi, iliyofungwa juu kwa nguvu na kusimamishwa miguu yake mbali mbali, pamoja na mnyororo wa kuinulia uliopimwa. Mtu yeyote asisimame wala kutia mkono chini ya injini inayoning'inia, na watoto wafukuzwe mahali hapo.

Kabla ya kuinua, betri hufunguliwa, kisha maji na oili humwagwa katika vyombo. Rejeta hutolewa pamoja na fremu yake ya mbele, na sakafu ya ndani hufunguliwa ili spana ifikie nati zinazoshika injini na giaboksi. Spana ziwe zile za inchi, kwa kuwa spana za milimita huharibu vichwa vya nati nyingi za injini hii. Oili chafu isimwagwe ardhini. Maji ya mvua huichukua hata kwenye visima na mito, na mto Migori huungana na mto Kuja kuelekea katika ziwa ambalo watu hunywa maji yake na kuvua samaki wake.

KILA KITU KWA JINA LAKE

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu wafaa sana kwa injini iliyofunguliwa. Vipande vilivyofanya kazi pamoja kwa miaka mingi vimezoeana, na kila kimoja lazima kirudi mahali pake. Vifito vinavyosukuma vali hupangwa katika ubao uliotobolewa matundu manane yenye namba. Pistoni hutiwa alama ya silinda yake na ya upande unaotazama mbele. Vifuniko vya beringi visichanganywe hata kidogo, kwa sababu kila kifuniko kilitobolewa kiwandani pamoja na bloki yake. Kifuniko cha pili kikitiwa mahali pa cha kwanza, mhimili utabanwa, na injini itakufa kabla ya kufika sokoni. Kila bolti hutiwa mkebeni, na mkebe huandikwa jina. Kijana wa shule mwenye daftari na kalamu ni msaidizi mwema kuliko fundi anayejisifu kwamba anakumbuka kila kitu.

KAZI ISIYOFANYWA NYUMBANI

Hapa ndipo penye kosa linaloua injini nyingi. Mtu hununua ringi mpya, huzitia katika silinda iliyolika, kisha hushangaa kuona moshi umerudi baada ya miezi michache. Silinda iliyolika haiwi duara tena. Huwa imepanuka zaidi upande mmoja na sehemu ya juu. Ringi mpya ni duara kamili, na kitu duara hakiwezi kuziba tundu lisilo duara. Ukucha ukipitishwa ukutani karibu na mdomo wa silinda na kukwama kwenye ukingo, hiyo ni ishara ya kwanza. Lakini hukumu ya kweli hutolewa na geji.

Silinda ikiwa imelika kupita kiasi, bloki hupelekwa katika karakana yenye mashine, kama zile za mji wa Kisumu, ili ipanuliwe na kutiwa pistoni zilizo kubwa kidogo. Krankshafti nayo hupimwa, na ikiwa ina mikwaruzo au si duara, husagwa na kutiwa beringi nene zaidi zinazolingana nayo. Kazi hizi mbili hazifanywi kwa tupa wala kwa msasa chini ya mti. Mwenye motokaa asinunue pistoni wala beringi kabla ya kupewa vipimo vyake na karakana, tena vipimo hivyo viandikwe katika karatasi.

KUSAFISHA NA KUUNGANISHA

Bloki ikirudi kutoka karakana huwa imejaa unga wa chuma. Huoshwa kwa maji moto na sabuni, na njia zote za oili husuguliwa ndani kwa waya uliofungwa kitambaa, kisha hupulizwa kwa upepo na kupakwa oili mara moja isishike kutu. Punje moja ya mchanga iliyosahauliwa katika njia ya oili yatosha kuharibu beringi mpya siku ya kwanza. Kwa hiyo siku ya kuunganisha, ardhi ya banda hunyunyiziwa maji, meza hufunikwa kitambaa safi, na kazi haifanywi upepo ukivuma.

Ringi haitiwi kwenye pistoni kabla ya kujaribiwa ndani ya silinda yake. Lazima ncha zake mbili ziachane kwa nafasi ndogo inayopimwa kwa geji. Pasipo nafasi hiyo, ringi ikipata moto hurefuka, ncha zake hugongana, nayo huvunjika na kukwaruza silinda. Beringi hupakwa oili na vifuniko hukazwa kidogo kidogo kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha injini. Kila kifuniko kikiisha kukazwa, mhimili huzungushwa kwa mkono. Ukiwa mgumu ghafula, kosa liko katika kifuniko kilichokazwa mwisho, nalo hutafutwa hapo hapo.

Mnyororo unaounganisha krankshafti na mhimili wa vali hufungwa kwa kufuata alama zake. Bolti za hedi hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu, ili hedi isipinde. Nafasi ya vali huwekwa kuwa inchi 0.010, yaani milimita 0.25. Waya za plagi hufungwa kwa mfuatano wa silinda ya 1, 3, 4, kisha 2.

KUWASHA KWA MARA YA KWANZA

Injini mpya haiwashwi ikiwa kavu. Plagi hutolewa na injini huzungushwa mpaka kipimo kionyeshe kwamba oili imefika. Ndipo plagi hurudishwa na injini kuwashwa, mahali pa wazi. Moshi wa petroli una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu aliye katika banda lililofungwa kabla hajatambua kwamba anaumwa. Taa ya moto na sigara ziwe mbali na petroli tangu mwanzo wa kazi hata mwisho.

Kwa kilomita 800 za kwanza motokaa isipakiwe mizigo mizito wala kukimbizwa, kwa kuwa ringi na silinda bado zinazoeana. Baadaye oili humwagwa na kutiwa mpya, na nafasi ya vali hupimwa tena. Mwenye motokaa atashawishiwa na wenye mizigo waliomngoja muda mrefu; naye hana budi kuwa na moyo wa kukataa. Safari chache za tamaa katika siku hizo zaweza kuifuta kazi yote.

VUMBI NDILO ADUI

Mwisho, yafaa kuuliza injini ile ililika kwa sababu gani. Katika Masara jibu aghalabu liko angani. Mawe meupe yanayosagwa kutafutwa dhahabu ni magumu kuliko chuma cha silinda, na vumbi lake likivutwa na injini huwa kama msasa unaosugua ukuta wa silinda mchana kutwa. Land Rover za zamani zina kichujio cha hewa chenye bakuli la oili, nalo ndilo mlango wa injini. Bakuli likikauka au likijaa matope, mlango u wazi. Katika nchi yenye vumbi jingi lapasa kutazamwa kila siku ya kazi, kuoshwa na kutiwa oili safi hata kwenye alama yake. Na bomba la mpira linalotoka kwenye kichujio kwenda kwenye kabureta likaguliwe lisiwe na ufa.

Kazi hii ni ya dakika chache, na gharama yake ni oili kidogo tu. Asiyeifanya atarudi tena chini ya ile miti mitatu na mnyororo wake kabla ya miaka mingi kupita. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.