Mtoto Asiyekuwepo: Dhana ya Madhara katika Sheria za Picha za Ngono za Watoto Zilizoundwa kwa Kompyuta

Nchini Marekani, uharamishaji wa picha za ngono za watoto ulijengwa juu ya hoja kwamba nyuma ya kila picha yupo mtoto aliyedhulumiwa. Katika shauri la New York dhidi ya Ferber (1982), Mahakama ya Juu iliziondoa picha hizo katika ulinzi wa uhuru wa kujieleza kwa kuzingatia hasa madhara ya utengenezaji wake. Sheria ya mwaka 1996 ilipovuka mpaka huo na kugusa hata picha zinazofanana tu na za mtoto, msingi ulitikisika. Mwaka 2002, katika shauri la Ashcroft dhidi ya Free Speech Coalition, Mahakama ilibatilisha kipengele hicho kwa kuwa picha ya kubuni haimdhuru mtoto yeyote inapotengenezwa. Serikali ilidai kwamba picha hizo zingekuwa kichaka cha watuhumiwa kujifichia. Dai hilo lilikataliwa.

Hata hivyo, kipengele kuhusu picha za watoto halisi wanaotambulika, zilizogeuzwa kwa kompyuta, hakikupingwa katika shauri hilo. Mwanya huo, uliopewa nafasi ndogo katika hukumu, ndio wenye uzito leo. Programu za akili unde hujifunza kutokana na mamilioni ya picha halisi, na Desemba 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliripoti kwamba hifadhidata ya LAION-5B, iliyotumika kufunza baadhi ya programu hizo, ilikuwa na picha za udhalilishaji wa watoto. Kusema kwamba picha iliyozalishwa hivyo haina mwathirika ni kuitazama hatua ya mwisho tu ya utengenezaji.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 haikupitia mvutano huo. Tafsiri yake inajumuisha mtu anayeonekana kuwa mtoto na picha inayomwakilisha mtoto. Hivyo, kwa maneno yake, upande wa mashtaka haulazimiki kuthibitisha uhalisi wa mtoto. Upana huo unarahisisha kutia hatiani, lakini haumsaidii mpelelezi aliyeshika picha mkononi kujua kama kuna mtoto anayepaswa kutafutwa na kuokolewa usiku huohuo.