Kompyuta za Aina Mbili, Daftari Moja

Katika ukaguzi wa vyama vidogo vya Nyakato na kandokando ya barabara ya Musoma, hali moja hujitokeza mara kwa mara. Chama kina kompyuta mbili. Ya katibu inaendeshwa na Windows. Ya mhasibu, aghalabu mashine kuukuu iliyofufuliwa na fundi kwa gharama nafuu, inaendeshwa na Linux ya aina ya Ubuntu. Zote zimeunganishwa na ruta moja, pengine hata chumba ni kimoja, lakini hii haioni mafaili ya ile. Basi daftari la wanachama husafirishwa kwa flashi, asubuhi huku, jioni kule. Baada ya miezi miwili chama huwa na madaftari mawili ya hisa, na mwanachama aliyeongeza akiba katika la mhasibu hajulikani katika la katibu. Siku ya kugawa malipo ya pamba au kutoa mkopo ndipo ugomvi huanza.

Wanaushirika wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoundwa mwaka 1955, lilitokana na juhudi za wakulima wa pamba waliochoka kupunjwa kwenye mizani. Mwanachama anayeona takwimu mbili za hisa zake ana haki ya kuuliza kama walivyouliza wazee wake.

Wengi hudhani kwamba Windows na Linux haziwezi kusomeana kwa kuwa kila moja huhifadhi mafaili kwa utaratibu wake. Sivyo. Faili linapopita katika mtandao, kompyuta haifungui diski ya mwenziwe. Huomba tu, na yule mwenye faili husoma mwenyewe na kujibu. Kinachotakiwa ni lugha moja ya kuombana. Lugha hiyo huitwa SMB. Ilibuniwa katika kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha Microsoft wakaichukua na kuiendeleza. Mwishoni mwa mwaka 1991, huko Australia, Andrew Tridgell alianza kuandika programu ambayo leo huitwa Samba, na kwa hiyo Linux nayo ikaweza kuizungumza. Kompyuta za Apple pia huizungumza. Hivyo basi, hitilafu itafutwe kwa mpangilio: njia kwanza, kisha anwani, kisha lugha, na mwisho ruhusa. Anayeanza na ruhusa ilhali kebo imechomoka atapoteza siku nzima.

Kuhusu njia, hakikisheni kwamba kompyuta zote mbili zimo katika mtandao mmoja. Imetokea mhasibu akatumia intaneti ya simu yake huku katibu akitumia ruta ya chama. Hao hawawezi kukutana. Pia ruta nyingi zina mtandao wa pembeni kwa ajili ya wageni, ambao kwa kawaida huwatenga watumiaji wake na mashine nyingine za ofisi. Halafu tazameni Windows imeupa mtandao wenu jina gani. Ikiwa imeandika "Public", inauhesabu kuwa ni wa hadharani, kama wa stendi au hotelini, nayo hujifungia mlango. Kwa mtandao wa ofisi ibadilishwe iwe "Private". Msikubali fundi azime kinga yote ya kompyuta kwa sababu ya jambo linalomalizwa na badiliko hili moja.

Anwani nayo ina hila yake, hasa kwetu ambako umeme hukatika. Ruta ndiyo inayogawa namba kwa kila kompyuta, na baada ya kuzimika inaweza kugawa upya, mashine iliyokuwa 192.168.1.10 ikaamka 192.168.1.14. Mwambieni fundi aifungie kompyuta inayotunza daftari namba moja ya kudumu ndani ya ruta. Kisha jaribuni kwa namba kabla ya jina. Katika Windows huandikwa \\192.168.1.10\daftari, na katika Ubuntu smb://192.168.1.10/daftari. Ikiwa namba inafunguka na jina halifunguki, basi tatizo ni la jina peke yake. Kadhalika, kompyuta kutoonekana katika orodha ya majirani si dalili ya kutosha kwamba haifikiki. Orodha ile hukosa watu walio hai.

Katika lugha, jambo la kuangalia ni umri. Toleo la kwanza la SMB ni kongwe na lina mianya. Mwezi Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilipenya humo, kikafunga mafaili duniani kote na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilikuwa miongoni mwa zilizoumia. Tangu mwishoni mwa mwaka huo matoleo mapya ya Windows 10 hayakuwekewa tena lugha hiyo kwa kawaida, na Samba nayo iliizima mwaka 2019. Kwa hiyo chama kinachotunza kompyuta ya Windows XP kitaona inakataliwa na kila mashine mpya. Fundi atasema anaweza kuirudisha lugha ya zamani. Anaweza, lakini msimruhusu. XP iliachwa na watengenezaji wake mwaka 2014, na si mahali pa kuweka hisa za watu.

Ruhusa ndiyo inayowachosha makatibu zaidi. Kwanza, namba fupi ambayo katibu huibonyeza kufungua Windows asubuhi haifai kuingilia kutoka kompyuta nyingine. Linatakiwa neno la siri kamili la mtumiaji. Tena mtumiaji asiye na neno la siri kabisa hukataliwa na Windows anapokuja kwa njia ya mtandao, hata kama mezani anaingia bila kuulizwa. Upande wa Linux, Samba ina orodha yake yenyewe ya maneno ya siri. Kumwandikisha mhasibu katika Ubuntu hakutoshi. Lazima aandikishwe tena kwa amri ya sudo smbpasswd -a ikifuatwa na jina lake. Hatua hii husahaulika kuliko zote.

Pili, ruhusa zina tabaka mbili: ya folda iliyoshirikishwa na ya faili lenyewe katika diski. Iliyo finyu ndiyo inayoshinda. Ukiona mhasibu anasoma daftari lakini hawezi kuandika, tazama tabaka la pili.

Tatu, ule mtindo wa kuingia kama mgeni, bila jina, unafungwa. Windows 11 Pro, toleo la 24H2 la mwaka 2024, huukataa, na chama kilichoutegemea hushangaa kazi ikisimama baada ya kusasisha mashine. Mimi naona Windows imetusaidia: daftari ambalo kila mpita njia analiandika halikaguliki.

Mkisharekebisha haya na bado mnakataliwa, futeni neno la siri la zamani ambalo Windows imelihifadhi, kwani huendelea kulipeleka kimyakimya.

Yapo pia majina ya mafaili. Windows haikubali alama kama nukta pacha au kiulizo ndani ya jina, Linux huzikubali. Faili la Ubuntu liitwalo "Hisa: Juni" litamfikia katibu likiwa na jina lisilosomeka. Na katika diski ya Linux "Hisa" na "hisa" ni mafaili mawili. Tumieni herufi ndogo, na tarehe ziandikwe 2025-06-30.

Hata njia ikifunguka, watu wawili wasiandike katika daftari moja kwa wakati mmoja, hasa mmoja akitumia Excel na mwingine LibreOffice. Nakala ya akiba itunzwe nje ya kompyuta hizo mbili, ikiwa na tarehe, nayo isiandikwe kamwe.

Kila mtumiaji aingie kwa jina lake mwenyewe. Katibu anapoachia madaraka, jina lake lifutwe katika mashine zote mbili siku ileile ya makabidhiano, na kufutwa huko kuingizwe katika hati ya makabidhiano pamoja na funguo na mihuri.