Namna ya Kufungua Meza Sokoni kwa Feza Kidogo



Munajua kama tangu mwaka wa shule ulioanza Septemba 2019 masomo ya shule za msingi za umma ni bure katika inchi yetu. Lakini sisi wa sekondari tunaendelea kulipa minervali, na kwa wengi kati yetu minervali hiyo inatoka sokoni. Mama anauza chumvi na sabuni, ao mwanafunzi mwenyewe anauza mandazi siku ya soko na wakati wa vakansi. Meza ya mama ikianguka, kisha miezi michache kiti kimoja darasani kinabaki wazi. Wenzetu wa darasa la saba na la nane walituuliza namna gani mutu anaweza kuanza kama ana feza kidogo tu. Sisi wa seksio ya biashara tuliketi pamoja, tukauliza mama na dada zetu wenye kuuza, na tunawaletea yale tuliyopata.

Tuseme mutu amepata franka 50 000. Mara moja mawazo yake yanakimbilia mbao na bati. Anataka kibanda chenye mulango na kufuli, na jina lake liandikwe juu kwa rangi. Sisi tunasema: hapana, ungoje. Hapa kwetu Masisi na kule Walikale kibanda kizuri ni feza iliyozikwa. Mwezi wa Februari 2024 vita vilifika karibu na Sake, pale njia ya Masisi, ya Kitshanga na ya Bukavu zinapokutana, kilometa karibu 25 toka Goma. Januari 2025 vikafika Goma yenyewe. Machi 2025 vikaingia Walikale-centre, watu wakakimbilia msituni. Siku kama ile hakuna mutu anayebeba bati. Lakini mwenye kutandika vitu vyake juu ya shitingi anashika pembe nne, anafunga fundo, anaweka kichwani, anaenda na mutoto mugongoni. Kule anakofika anaweza kuuza chumvi ileile siku ileile. Basi, meza ya kwanza iwe ile mutu mumoja anaweza kuibeba.

Kwa hiyo tunagawanya zile 50 000 hivi: franka 40 000 zinunue bidhaa, 5 000 zitengeneze meza, na 5 000 zibaki kwa kurudishia wanunuzi na kwa safari. Kama meza inataka kupita ile 5 000, upunguze meza, usiguse bidhaa. Wanunuzi hawali mbao.

Meza yenyewe si kazi kubwa. Katika Masisi vijiti vya mukaratusi vinapatikana kila kilima, na katika Walikale kuna mianzi na miti mingine ya msitu. Chukua vijiti vinne virefu sawasawa. Viwili uvifunge kwa alama ya X, na vingine viwili vilevile, kwa ukanda wa mupira wa ndani wa gurudumu, ule wamotari na watu wa chukudu wanafungia muzigo. Ukanda ule haukatiki upesi kama kamba ya mugomba, tena haulegei kwa mvua. Juu ya zile X mbili ulalishe mbao mbili, ao mulango wa zamani. Jioni unafungua, unakunja, unaweka nyumbani kwa jirani. Shitingi ya juu iwe imeinama upande wa nyuma kusudi maji yashuke nyuma yako, si juu ya meza ya mwenzako. Ugomvi mwingi wa soko letu unaanzia pale. Katika milima ya Masisi mvua inapenda kuja kisha saa sita, hata kama asubuhi jua lilikuwa kali. Chumvi na sukari visikae chini hata siku moja, maana chumvi inakunywa maji hata yale ya hewa. Chukudu ni chombo kizuri, hata Goma waliijengea sanamu, lakini usinunue yako mwanzoni. Lipa mwenye nayo kwa safari moja.

Kuhusu nafasi, wengi wanaogopa kukaa karibu na wale wanaouza kitu kilekile. Sisi hatukubali woga huo. Mutu anayetafuta chumvi anaenda kwenye musitari wa chumvi. Ukikaa peke yako katikati ya viatu, hatakuona. Uende siku moja mbele, umusalimie mukubwa wa soko na wale mama watakaokuwa jirani zako. Kwa mama wa soko mwanafunzi asiseme kwa kiburi sababu anajua Kifaransa. Wao ndio watakuangalizia meza ukienda kutafuta manoti madogo. Jetoni ya soko uilipe asubuhi na uitunze ndani ya kaye, sababu wakati mwingine mutu mwingine anapita jioni na kudai tena. Na wakubwa kati yetu wakumbuke kwamba sheria ya biashara ndogo ya Agosti 1990 inadai patenti.

Sasa bidhaa gani? Anza na kitu kinachotafutwa kila siku na kisichooza. Formaji ya Masisi, ile ya duara, inapendwa mupaka Goma, lakini moja tu inameza feza nyingi, na njia ikifungwa wiki moja utaikula mwenyewe. Nyanya na maziwa ni vilevile. Viazi na maharagi vinavumilia kidogo. Chumvi, sabuni, kiberiti, mawe ya tochi, kaye na biki vinavumilia zaidi. Mwenye kwenda Walikale ajue kwamba mawese, ndizi na muhogo viko vingi kule, lakini vitu vya kiwanda vinatoka mbali na bei inapanda kwa kila kituo. Zamani ndege ndogo zilikuwa zinatua barabarani pale Kilambo, zikishusha bidhaa na kupakia kasiteriti. Toka Njingala mupaka kwenye machimbo ya Bisie watu walibeba magunia kwa mugongo kupitia msitu, siku nzima ao mbili. Ndiyo maana sabuni moja kule juu haikuuzwa kwa bei ya Goma. Mutu asione bei ile kubwa na kufikiri ni faida yote. Sehemu kubwa ni mugongo wa yule aliyebeba.

Hapo tunafika kwenye hesabu, na tunaomba musome polepole. Tuseme umenunua mufuko wa chumvi kwa franka 25 000. (Bei hizi ni za mufano tu, msitupeleke kwa mudirekta.) Utaiuza kwa glasi, na mufuko unatoa glasi 150. Kila glasi ni franka 200. Jumla 30 000. Mwenzetu anafurahi: faida 5 000! Anatoa 4 000, analipa deni la shule, na franka 1 000 inayobaki ananunua mandazi na soda. Lakini motari alichukua 3 000. Jetoni ilikuwa 500. Mifuko midogo ya plastiki ilikuwa 500. Basi chumvi ile ilifika mezani kwa 29 000, na faida ya kweli ni franka 1 000. Tena tunajua namna watu wetu wananunua: «Mama, uniongeze kidogo!» Ukiongeza na kuongeza mupaka glasi 10 zimeenda bure, umeuza 140 tu, yaani 28 000. Umekaa kutwa nzima kwenye jua na umepoteza 1 000. Na yule aliyekula 5 000 amekula kapitali 6 000 bila kujua. Kisha masoko mane ya namna ile hana tena feza za kununua mufuko mwingine, na anasema kuna mutu alimuloga.

Dawa yake ni kaye moja na biki moja. Upande wa kushoto andika yote yaliyotoka, hata franka 100 ya maji ya kunywa. Upande wa kuume andika yote yaliyoingia. Usiku uhesabu. Feza za kununua tena mufuko ziingie katika kitambaa chao, na minervali itoke katika kitambaa cha pili, kile cha faida peke yake. Kama kitambaa cha pili ni kidogo, ni vizuri kwenda kwa mudirekta kuomba kulipa vipande vipande kuliko kufungua kile cha kwanza. Hilo ni neno gumu, tunajua, hasa siku wanapofukuza wanafunzi na unaona wenzako wanabaki kwenye mutihani. Lakini kapitali iliyolipa muhula wa kwanza haitakuwa tena pale kwa muhula wa pili.

Nyongeza nayo inahesabiwa. Mama mumoja mwenye kuuza maharagi alituambia kwamba yeye anatenga kopo moja ya nyongeza asubuhi, na ikiisha, imeisha. Kipimo kiwe cha haki. Kuna wenye kugonga chini ya kopo la Guigoz mupaka kitako kinaingia ndani, kusudi maharagi yapungue. Munuzi atapima tena nyumbani, na hatarudi.

Deni linaua meza kuliko mvua. Mufano tunao katika Walikale. Tarehe 11 Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alifunga kazi yote ya machimbo katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na ilifunguliwa tena mwezi wa Machi 2011 tu. Ndege zilipunguka, na biashara ya Mubi na Njingala, ambayo ilisimama juu ya machimbo ya Bisie, ikalegea. Fikirini sasa yule aliyewapa wachimbaji sabuni na sigara kwa ahadi ya kulipa wakipata mawe. Wale hawakuwa waongo; kazi yao ilifungwa kwa siku moja. Basi usikopeshe wote wenye kula kwenye chungu kimoja. Ukikopesha, iwe watu wawili ao watatu unaojua nyumba zao, na jumla isipite faida ya soko moja.

Neno juu ya kutunza feza. Wazee wetu wanakumbuka Desemba 1979, wakati serikali ya Zaïre ilikataa noti za zaïre 5 na 10 na kutoa siku chache tu za kubadilisha. Mutu wa kijiji cha mbali, na benki iko mbali zaidi, alibaki na karatasi. Tena Januari 2025 mabenki ya Goma yalifunga milango, na noti zilizopasuka zikaanza kukataliwa sokoni. Kwa hiyo usilalishe noti nyingi chini ya godoro. Feza ikikaa ndani ya chumvi na sabuni, hata kama noti zinakataliwa, watu wataendelea kupika na kufua.

Kile kidogo cha faida kiende kwa likelemba ya watu munaoaminiana, ao kwa AVEC. Hii AVEC ilianzia Niger mwaka 1991 kati ya wanawake wa vijiji pamoja na shirika la CARE, na sasa iko pande nyingi za Afrika. Watu 15 mupaka 25 wanaweka akiba kila juma, wanakopeshana na faida kidogo, na kisha karibu mwaka mumoja wanagawana. Kisanduku kina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu, wala si wale wenye kutunza kisanduku. Katika mahali petu tunaona heri kisanduku kisilale na feza nyingi. Siku ya mukutano ziende zote kwa mikopo, mbele ya macho ya wote. Muombe mugawanyo wenu uangukie Agosti, mbele ya kuandikisha shule.

Wenye kutaka kuona kaye ya mufano, ile yenye hesabu ya chumvi na nyingine ya mandazi, wapite darasani kwetu siku ya ine kisha masomo. Mulete biki yenu, maana tuna moja.