Kumpokea Kijana Usiyemzaa

Akina mama wengi wakisikia habari ya kulea mtoto wa mwingine, humfikiria mtoto mchanga. Huyo atasahau, wanasema, naye atakuita mama. Lakini wapo wa miaka 13, 14 na 15 wasio na pa kulala, nao hawajasahau lolote.

Mimi na mume wangu tulimpokea msichana wa miaka 14. Wiki ya tatu nilikuta chini ya godoro lake vipande vya mkate na kiporo cha ugali kilichoota ukungu. Uuguzi ukanipanda kichwani, nikahubiri juu ya panya na kuhara, tena mbele ya wanangu. Alinyamaza siku 4. Ndipo nikaelewa kwamba aliyewahi kulala njaa huweka akiba hata kama sufuria imejaa. Nilimwomba radhi, nikampa kopo lenye mfuniko: hili ni lako, ulijaze utakavyo. Mwezi wa pili lilikuwa na biskuti tu. (Panya nao wakahama.)

Ndugu msomaji, usimchukue mtoto kwa kupatana mlangoni. Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua malezi ya kambo, na njia yake hupitia kwa ofisa ustawi wa jamii. Haya si kuasili. Mtoto hakatwi na ndugu zake wa damu. Wala si njia ya kupata mtumishi wa nyumbani. Nalisema kwa uchungu, maana nimeona msichana aitwaye "binti yetu" akila jikoni peke yake, wenzake wakiwa shuleni.

Kubaliana kwanza na baba watoto, kisha waulize watoto wenyewe. Sisi hatukuuliza, na binti yetu mkubwa aliumia alipogawanyiwa kitanda chake.

Na kama kijana anatumia dawa za kufubaza VVU, siri hiyo ni yake, si ya kikundi cha maombi.

Mordekai alimlea Esta, yatima wa ami yake. Hata Esta alipopelekwa kwa mfalme, Mordekai alipita karibu na ua kila siku ili ajue hali yake. Wetu sasa yuko bweni. Hajaniita mama, huniita Anti. Jumamosi ya kutembelewa alifungua kopo lile, akanigawia karanga.