Luano: Fakture inayokosekana inageuka deni la kodi

Karibu na uwanja wa ndege wa Luano, mjini Lubumbashi, kazi nyingi zinalipwa makuta mkononi: kupakua mzigo, kukodi lori, kununua mazuti. Jioni franga zimetoka, lakini fakture haipo. Shida inaonekana siku wakaguzi wa DGI, idara ya kodi ya serikali, wanapofungua vitabu.

Sheria ya tarehe 10 Februari 1969, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa msingi wa kodi ya mapato nchini Kongo, iliruhusu kuondoa kwenye faida gharama zilizotumika ili kupata mapato na kuyalinda. Matumizi ya nyumbani na masomo ya watoto hayakuwamo.

Tuchukue mfano wa kampuni iliyoondoa dolari 10,000 za usafirishaji bila uthibitisho. Mkaguzi akizikataa, zinarudi kwenye faida. Kwa kiwango cha asilimia 30, kampuni inadaiwa dolari 3,000 zaidi. Juu yake kunaongezwa adhabu ya kutangaza hesabu isiyo sahihi, pamoja na riba ya kuchelewa inayohesabiwa kila mwezi. Hata kama makuta yalitumika kweli, asiye na fakture hana la kuonyesha.

Faini yenyewe nayo haiondolewi kwenye faida: sheria hiyohiyo ilikataza.

Kongo ni mwanachama wa OHADA tangu 2012, na kanuni zake zinadai vitabu na hati zitunzwe miaka 10. Kwa mwenye depo Luano, kazi inaanza mapema: kudai fakture kabla lori halijaondoka.