Hukumu ya Programu za Kompyuta: Kati ya Nakala za Wizi na Programu Huria

Sifa zote njema zinamstahikia Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Ruaha Mbuyuni ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia, kabla msafiri hajaanza kuupanda mlima Kitonga. Ni mji wa wakulima wa vitunguu na wa malori yanayopumzika njiani. Mmoja wa wanafunzi wetu anasomesha madrasa huko, na ndiye aliyetuletea suali lililosababisha makala hii.

Madrasa yake ilipewa sadaka ya kompyuta mbili kuukuu. Fundi wa steshenari aliziwekea mfumo wa Windows na programu ya kuandikia, akalipwa ujira wake, na tangu hapo mitihani ya watoto na daftari la zaka huandikwa humo. Siku moja darasa likafika mlango wa ghasbu katika Matn Abi Shujaa, nao ni mlango unaoeleza hukumu ya mwenye kuchukua haki ya mtu bila ya idhini yake. Kijana mmoja akanyanyua mkono akauliza: "Maalim, na hizi programu zetu alizoweka fundi bila kununua, nazo si ghasbu?" Maalim akanyamaza, kisha akatuandikia.

Tunasema kijana yule ameuliza suali la kifakihi hasa, na tutalijibu kwa mpangilio, Insha Allah.

MAS-ALA YA KWANZA: Je, programu ni mali?

Mwenye kununua kisahani chenye programu hanunui plastiki. Ananunua idhini ya kutumia kazi iliyomo, na kazi hiyo haishikiki kwa mkono. Wanazuoni wetu (Allah Awarehemu) walikwisha kuzungumzia asili ya jambo hili waliposema juu ya manfaa, kama vile kukaa katika nyumba au kumpanda mnyama. Kwa mujibu wa jumhuri, nao ni Mashafii, Mamaliki na Mahanbali, manfaa ni mali. Mahanafi wa mwanzo hawakuyahesabu kuwa mali mpaka yaingie katika mkataba.

Zama zetu zilipokuja na haki za waandishi na wavumbuzi, wanazuoni walikhitilafiana. Wapo waliosema elimu haizuiliwi wala haiuzwi, na anayenunua kitabu ana haki ya kukinakili. Wengine waliona kwamba jasho la mtunzi lina thamani kwa urfu ya watu, na chenye thamani kwa urfu na manfaa yake yakawa ya halali, hicho ni mali. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait mwaka 1409 Hijria (1988) na katika azimio namba 43 likapitisha kuwa haki za utunzi, uvumbuzi na majina ya biashara ni haki za wenyewe, zinalindwa na sharia na haijuzu kuzivamia. Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia nayo iliulizwa juu ya programu za kompyuta zenyewe, ikajibu kuwa haijuzu kunakili zile ambazo wenyewe wamezuia kunakiliwa, ila kwa idhini yao.

Kwa upande wa dola, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 imeziingiza programu za kompyuta katika maandishi yanayolindwa. Muislamu anafungwa na sheria za nchi maadamu hazimwamrishi maasi.

Wapo wasemao: "Makampuni haya ni ya wasiokuwa Waislamu, na ni matajiri." Tunawakumbusha Hijra. Mtume (S.A.W.) alipotoka Makka, watu wa mji ule walikuwa wamepanga kumuua, na bado mikononi mwake mlikuwa na amana zao. Alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma ili amana zirudi kwa wenyewe. Basi utajiri wa mtu au dini yake haviifanyi mali yake kuwa halali yetu.

MAS-ALA YA PILI: Je, madrasa ina dharura?

Hili ndilo jibu alilolitegemea fundi: madrasa ni masikini, na leseni ni ghali. Kanuni ya kuwa dharura huhalalisha kilichokatazwa ni sahihi, lakini ina masharti. Sharti mojawapo ni kukosekana njia ya halali. Mwenye njaa haruhusiwi kula nyamafu ilhali pembeni yake kuna sahani ya wali aliyokaribishwa.

Na sahani hiyo ipo. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza mradi wa GNU kwa lengo la kutengeneza mfumo ambao kila mtu ataruhusiwa kuutumia kwa kazi yoyote, kuusoma ulivyoandikwa, kuugawa na kuurekebisha. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki nchini Finland, akatoa kiini cha mfumo kiitwacho Linux. Vitu viwili hivi vilipoungana ukapatikana mfumo kamili wa uendeshaji usiohitaji kununuliwa. Simu nyingi za Android zilizomo mifukoni mwetu zinaendeshwa na kiini hichohicho cha Linux. Mwaka 2004 ukatolewa mfumo wa Ubuntu, na kwa miaka kadhaa, mpaka 2011, visahani vyake vilitumwa kwa posta bila malipo kwa aliyeviomba.

Wala jambo hili halikuwa geni kwetu. Mwaka huohuo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Waliweza kuitafsiri kwa sababu programu ilikuwa huria, na mwenyewe alikwisha kutoa idhini. Tangu mwaka 2010 kazi ya OpenOffice imeendelezwa pia kwa jina la LibreOffice, nayo inaandika Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto bila ya taabu. Hata hati ya kuandikia ipo: Amiri, iliyochorwa na Khaled Hosny kwa kufuata herufi za matbaa ya Bulaq ya Misri, hutolewa bure kwa leseni huria.

Basi dharura ya madrasa ya Ruaha Mbuyuni iko wapi? Tunaloliona sisi ni mazoea, na mazoea hayahalalishi ghasbu. Wala manufaa ya dunia hayakosekani. Microsoft ilimaliza usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11, ilhali ipo mifumo ya Linux iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine kuukuu kama hizo.

MAS-ALA YA TATU: Programu huria ni kitu gani katika fiqhi?

Hapa linaingia kosa la pili, la watu wema. Wakisikia "bure" hudhani ni kitu kisicho na mwenyewe, kama kuni za porini. Sivyo. Programu huria ina mwenyewe, na mwenyewe ametoa idhini kwa masharti.

Baadhi ya watu huifananisha na waqfu, na mfano huo uko karibu. Katika pwani yetu vitabu viliwekwa waqfu tangu zamani. Katika miswada iliyohifadhiwa kwenye Msikiti wa Riyadha, Lamu, imo iliyoandikwa kuwa ni waqfu. Mwanafunzi alikisoma kitabu, akakinakili kwa mkono wake, akamwachia mwenziwe, na hakuna aliyekuwa na haki ya kukiuza. Lakini tuseme kwa uangalifu: katika waqfu, kwa madhehebu yetu ya Shafii, umiliki humtoka mtu ukawa wa Allah. Mwenye programu huria hautoi umiliki wake. Kwa hiyo hukumu yake iliyo sahihi zaidi ni ibaha, yaani idhini ya mwenye mali, iliyofungamana na sharti. Na Waislamu wameamrishwa kutimiza masharti waliyoyakubali, maadamu hayahalalishi haramu wala kuharamisha halali.

Kwa leseni ya GPL, iliyotolewa kwanza mwaka 1989, masharti hayo yanazaa hukumu hizi:

Kwanza, mwenye kuitumia au kuirekebisha kwa ajili yake mwenyewe hana wajibu wowote kwa mtu.

Pili, mwenye kuigawa baada ya kuirekebisha ni lazima ampe aliyempa haki ya kupata maandishi asili ya programu, na kwa leseni ileile. Akiyaficha amevunja sharti, na idhini inamtoka.

Tatu, inajuzu kutoza malipo kwa kuinakili na kuiweka. Fundi wa Ruaha Mbuyuni akiweka Linux kwa shilingi elfu ishirini, huo ni ujira wa kazi yake na ni halali. Akivunja kufuli ya programu ya mtu akalipwa kiasi hichohicho, amelipwa kwa kazi ya haramu.

Nne, uhuru wa kurekebisha hauingii katika maandishi ya Qur'ani Tukufu. Mradi wa Tanzil, ulioanza mwaka 2007, umetoa maandishi ya Mas-hafu yaliyohakikiwa kwa ajili ya kompyuta. Umeruhusu kunakili na kugawa kama yalivyo, ukakataza kubadilisha. Huo ndio mfano mzuri wa sharti linaloafikiana na sharia.

MAS-ALA YA NNE: Uwazi pekee hautoshi

Wapenzi wa programu huria hudai kuwa ni salama kwa sababu kila mtu anaweza kuzisoma. Sisi tuliosoma Mustalah al-Hadith tunajua kwamba hadithi kuandikwa kitabuni haitoshi, lazima wapokezi wake wachunguzwe. Machi 2024 liligunduliwa jambo la kutisha katika programu ndogo iitwayo xz inayotumika ndani ya Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan aliisaidia kazi hiyo kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa, kisha akapandikiza humo mlango wa siri. Aliyegundua ni Andres Freund, mfanyakazi wa Microsoft, aliposhuku kuchelewa kwa takriban nusu sekunde. Uwazi ulimwezesha kuchunguza, lakini lililookoa ni kule kuchunguza kwenyewe. Basi pakua programu kutoka kwa wenyewe tu, usichukue kwenye flashi ya kila mpita njia.

Na hili linahusu pia habari za teknolojia zinazosambazwa katika simu zetu, kwamba programu fulani inapeleleza misikiti, au mfumo fulani ni wa kishetani. Suratul Hujurat imetuamrisha kuthibitisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Imamu asiyapeleke mimbarini aliyoyaokota katika simu.

JIBU LETU

Maalim wa Ruaha Mbuyuni alitaka pia kujua kama mitihani na daftari la zaka vitupwe. Hapana. Wanazuoni walizungumzia swala katika ardhi iliyoporwa, na kauli ya jumhuri ni kuwa swala inasihi na mtu anapata dhambi ya uporaji. Kwa mfano huo, maandishi ni sahihi na zaka iliyogawiwa kwa daftari lile imegawiwa. Lililobaki ni toba: kuiondoa nakala ya wizi, au kuinunua kwa aliye na uwezo, na kuazimia kutorudi.

Twamshauri afanye kazi hiyo mbele ya wanafunzi, na yule kijana aliyeuliza awe ndiye wa kuiwasha kompyuta baada ya kuwekwa mfumo mpya. Watoto wataujua mlango wa ghasbu kwa macho yao, na hawatausahau.

Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.